Jinsi ya kuipima pedali ya distosheni: sauti yake na uimara wa boksi lenyewe

Pedali ya distosheni, lile boksi dogo la kukanyaga linalofanya gitaa la umeme liungurume, inakudanganya kirahisi sana, manake kazi yake yenyewe ni kujaza, ukishaikanyaga tu sauti inanenepa, noti zinakaa muda mrefu, mikono inapata raha, na dakika mbili za kwanza karibu kila pedali inasikika tamu. Shida inakuja baadae ukishaizoea, unagundua kodi zako zote (noti kadhaa unazopiga pamoja) zinatoa tope moja, au ukipiga taratibu na ukipiga kwa nguvu hamna tofauti, au mpiga besi na mpiga ngoma wakianza tu we unapotea kabisa. Alafu kuna upande wa pili ambao watu wanausahau, boksi lenyewe. Hiki ni kifaa cha kukanyagwa na kiatu kila siku, kwahiyo sauti iwe nzuri vipi, kama jeki (tundu la kebo) inalegea na swichi inakataa huna pedali hapo.

Naandika hapa namna ninavyoipima mimi, masikio kwanza alafu mikono na macho. Ninachokiamini ni kwamba pedali huipimi ikiwa imetulia kwenye seti moja ya nobu, unaipima kwa jinsi inavyobadilika pale unapobadilisha kitu, iwe mkono wako, volumu ya gitaa, nobu zake au ampu (kikuza sauti cha gitaa). Nzuri inakufuata, mbovu inabaki vilevile tu hata ufanye nini. Na kwenye boksi pia angalia vile vitu vinavyosogea, ndo vinavyokufa kwanza.

Kabla hujapiga hata noti moja

Tumia gitaa lako mwenyewe kama inawezekana, au angalau lenye pikapu (zile sumaku za chini ya nyuzi zinazodaka sauti) za aina moja na lako. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, inatoa mawimbi makubwa kuliko singo koili, ya koili moja, kwahiyo pedali ileile inawaka mapema zaidi na inasikika nene zaidi, ukiipima kwa hambaka alafu nyumbani una singo koili umepima pedali nyingine kabisa. Tuni gitaa vizuri. Hili linaonekana dogo lakini distosheni inaanika kila kasoro ya tuni, na utailaumu pedali bure.

Ampu iweke klini, yaani safi bila mngurumo, besi midi na trebo (sauti za chini, za kati na za juu) karibu na katikati, rivabu (mwangwi) izime, na usichomeke pedali nyingine yoyote kwenye mnyororo. Kama ampu yako kawaida unaipiga ikiwa imeshaanza kuunguruma kidogo, basi fanya raundi mbili, moja klini na moja hivyo unavyoizoea, kwasababu kuna pedali ambazo zikikutana na ampu klini kabisa zinasikika kavu na zenye makali, ila zikisukuma ampu iliyoshachemka kidogo zinapendeza sana.

Umeme sasa. Pedali nyingi za distosheni zinatumia voti 9 DC, na plagi yenye hasi katikati na chanya nje. Soma kale kamchoro kalikochapwa karibu na tundu la umeme, usikisie. Adapta yenye voti sahihi lakini chanya na hasi zimegeuzwa inaweza kuua pedali, na adapta ya AC kwenye pedali ya DC hivyohivyo. Kuna pedali zinakubali mpaka voti 18, lakini kama haijaandikwa usijaribu. Kwa raundi ya kwanza ipe adapta yake peke yake au betri mpya, usiichomeke kwenye waya mmoja unaogawa umeme kwa pedali sita, manake kelele utakayosikia hutajua inatoka kwa nani.

Na kama unasikiliza kwa hedifoni kupitia kompyuta, lazima uweke programu ya kuigiza kabati la spika. Spika ya gitaa inaanza kukata sauti za juu ukishapita kama kilohezi 5, na pedali za distosheni zimetengenezwa zikijua kwamba mbele yao kuna spika ya namna hiyo. Ukiisikiliza moja kwa moja bila kabati kila distosheni duniani inasikika kama nyuki ndani ya debe, na hapo huwezi kusema kitu cha haki kuhusu pedali ya mtu.

Sawazisha sauti, hapa ndo wengi wanapigwa

Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maelezo yote haya, chukua hiki. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili vinavyofanana, kile chenye sauti kubwa kidogo linakiona kizuri zaidi. Sio kwamba una sikio bovu, ndo lilivyoumbwa. Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo tunasikia besi hafifu sana kulinganisha na midi, na ikipanda besi nayo inajitokeza. Kwahiyo pedali iliyo juu kidogo tu kwa volumu itaonekana ina mwili zaidi, na kumbe imeongezwa sauti tu basi.

Cha kufanya ni hiki, piga kodi moja pedali ikiwa imezimwa, ikanyage, piga tena ileile kwa nguvu ileile, alafu sogeza nobu ya levo (ukubwa wa sauti inayotoka) mpaka ziwe sawa. Usitumie sikio peke yake, simu yako inaweza kuwa na programu ya kupima desibeli, iweke mahali pamoja mbele ya spika na usiisogeze. Ukilinganisha pedali mbili nazo zote zisawazishe hivyohivyo. Na kila ukigusa geini (nobu ya kiasi cha mngurumo) rudia, manake geini ikipanda levo nayo inapanda.

Hili linakuwa muhimu zaidi kwenye pedali zile zenye kiswichi cha kuchagua aina ya diodi. Distosheni kimsingi ni kukata vilele vya mawimbi, na mara nyingi kinachokata ni diodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Diodi ya silikoni inaanza kupitisha kwenye voti 0.6 hivi, ya jemaniamu kwenye 0.3, taa nyekundu ya LED kwenye 1.7 hivi. Kwahiyo kwenye saketi ambayo diodi zinamwaga mawimbi kwenye grandi (upande wa sifuri wa umeme), ukiweka za silikoni mawimbi yanakatwa mapema na yanabaki madogo, ukiweka LED yanaruhusiwa kukua sana kabla ya kukatwa, matokeo yake ni sauti kubwa zaidi na iliyo wazi zaidi. Mtu anabonyeza kiswichi anaruka, anasema LED ndo tamu, wakati nusu ya huo utamu ni volumu tupu. Shusha levo kwanza alafu ndo useme.

Mazoezi ya masikio

Weka nobu zote katikati, mshale ukiangalia juu. Usianze na rifu yako ya kila siku, anza na vitu vinavyoitesa pedali.

Cha kwanza, piga kodi ya nyuzi mbili, msingi na ya tano yake. Hii kila pedali inaiweza. Sasa ongeza ya tatu, yaani piga meja kamili, alafu maina, alafu kodi yenye saba. Sikiliza kama bado unatambua noti moja moja ndani ya ule mngurumo. Sababu ya ugumu ni hii, noti mbili zikipita pamoja kwenye distosheni zinazaa noti nyingine ambazo wewe hujazipiga, na mojawapo ni ile tofauti ya masafa yao. Msingi na ya tano ziko kwenye uwiano wa 2 kwa 3, tofauti yake ni 1, ambayo ni msingi uleule oktavu moja chini, kwahiyo noti inayozaliwa inakubaliana na kodi na inaipa uzito. Ila ya tatu meja kwenye gitaa letu iko juu kidogo kuliko uwiano safi wa 4 kwa 5, kama senti 14 hivi (senti 100 ni nusu toni, yaani freti moja), na noti zinazozaliwa hapo zinatoka nje ya tuni, ndo lile tope. Hamna pedali inayoweza kulifuta kabisa. Lakini pedali nzuri yenye geini ya wastani bado inakuachia usikie kama umepiga meja au maina, na ile inayoshindwa hata geini ikiwa robo tu mi naiacha.

Cha pili, mkono. Piga uzi mmoja taratibu sana, karibu kuugusa tu, alafu ongeza nguvu polepole mpaka uupige kwelikweli. Unatafuta ile hatua ambapo sauti inatoka kwenye usafi inaingia kwenye kuunguruma. Kwenye saketi zile ambazo diodi ziko kwenye mzunguko wa marejesho wa op-ampu (chipu ya kukuza mawimbi), kama pedali ya Ibanez Tube Screamer, mpito huo ni laini, ni kama sauti inakunja taratibu. Kwenye zile zenye diodi zinazomwaga kwenye grandi, kama Boss DS-1 na ProCo RAT ambazo zote zilitoka 1978, mpito ni mkali zaidi, inakata. Hakuna iliyo bora hapo, inategemea muziki wako, ila lazima ujue uko upande gani. Alafu punguza volumu ya gitaa lenyewe mpaka sita, mpaka nne. Pedali nzuri inasafishika, unapata sauti iliyo nyembamba kidogo lakini hai. Mbovu inabaki na geini ileile ila sauti inakuwa ndogo na iliyofunikwa na blanketi. Hapa ndipo mimi nauona ubora wa pedali kuliko sehemu nyingine yoyote, kwasababu mtu anayepiga nyimbo nzima anahitaji kutoka kwenye ubeti kwenda kwenye kiitikio bila kuinama kugeuza nobu.

Cha tatu kinahitaji subira. Bonyeza uzi wa G kwenye freti ya saba, piga mara moja kwa nguvu, alafu tulia usifanye kitu chochote, sikiliza tu mpaka noti ife. Watu wengi wanasikiliza mwanzo wa noti, we sikiliza mwisho wake. Mwanzoni noti inasimama imara, haishuki, kwasababu vilele vimekatwa na sauti haina pa kupungua. Baada ya muda mawimbi yanashuka chini ya kile kiwango cha diodi na noti inaanza kusafika, mngurumo unajiondoa, inabaki noti tupu, inafifia. Huo ndo mwisho mzuri. Mwisho mbaya ni ule ambapo noti inaanza kupasuka, inakwama inarudi, prrr prr pr, alafu inakatika ghafla kama mtu amezima. Kwenye baadhi ya fazi, pedali za mngurumo mkali zaidi, hiyo ni tabia iliyotafutwa makusudi na ina wapenzi wake, ila kwenye distosheni ya kawaida mara nyingi inamaanisha transista au op-ampu haijapangiwa voti zake vizuri, au betri inakata roho. Badilisha betri kwanza ujaribu tena kabla hujahukumu.

Cha nne, uzi mnene. Piga mchezo wa haraka kwenye E ya chini ukiwa umeuzima kwa kiganja karibu na daraja la gitaa. Noti hiyo iko hezi 82 hivi, na kama pedali inaruhusu besi yote iingie kwenye distosheni bila kuipunguza kabla, utasikia mapigo yanalegea, yanafuatana kama yamechelewa. Pedali zinazokaza zinakata besi kidogo kabla ya hatua ya kukata vilele, na ndo maana baadhi ya watu wa metali wanaweka Tube Screamer mbele ya ampu yenye geini, geini ya pedali iko chini kabisa na levo iko juu, wanachotaka ni kule kupunguza besi na kupandisha midi za karibu na hezi 700 basi.

Nobu zenyewe

Zungusha kila nobu kutoka mwanzo mpaka mwisho huku unapiga, moja moja, zingine zikiwa katikati. Swali ni moja, je sauti zinazofaa ziko sehemu kubwa ya mzunguko au zimebanwa kwenye kona moja? Kuna pedali unagusa levo kidogo tu sauti inaruka kutoka sifuri mpaka inapasua masikio, kuanzia hapo mpaka mwisho haibadiliki. Hapo mara nyingi mtengenezaji ameweka potenshiometa (kipuri kilicho chini ya nobu) ya linia, inayopanda kwa hatua sawa, pale palipotakiwa ya logi, inayopanda kama sikio linavyosikia. Inafanya kazi, lakini jukwaani gizani ukitaka kuongeza kidogo tu itakutesa.

Toni nayo ina tabia tofauti kwa kila pedali, usidhani zote ni sawa. RAT nobu yake ya filta inakwenda kinyume, ukizungusha kulia inapunguza trebo, kwahiyo usiihukumu kwamba ni nzito wakati umeifunga mwenyewe. DS-1 na Big Muff toni zake zinachanganya upande wa besi na upande wa trebo, ikiwa katikati midi zinachimbika. Ukiwa peke yako chumbani hiyo inasikika pana na ya kifahari, ila subiri ufike kwenye bendi. Boss Metal Zone ya 1991 yenyewe ina midi ambayo unachagua na masafa yake, na hiyo ni nguvu kubwa sana, mtu anaweza kuiharibu sauti vibaya mno na anaweza kuiokoa pia. Pedali ya namna hiyo ipe muda zaidi, weka besi midi na trebo zote katikati alafu sogeza kidogokidogo, kuipima kwa dakika tano ni kuionea.

Swali lingine ambalo mi nalipenda: geini ikiwa chini kabisa inatoa nini? Pedali ambayo kwenye geini ya chini inatoa ukali mdogo unaotumika, kiukweli umepata pedali mbili ndani ya boksi moja.

Kelele

Geini kubwa inakuza kila kitu, hata kelele, kwahiyo kutegemea ukimya kamili kwenye distosheni ya geini ya juu ni kutegemea kisichokuwepo. La kufanya ni kujua kelele ni ya nani. Funga volumu ya gitaa mpaka sifuri, pedali ikiwa inawaka. Kelele inayobaki ni ya pedali na umeme wake, iliyoondoka ilikuwa inaingia kupitia gitaa. Mvumo wa chini wa hezi 50 au 60 unatoka kwenye umeme wa ukutani, na singo koili zinaudaka sana, geuka na gitaa lako uelekee upande mwingine utasikia unapungua. Shhh laini ya juu ni ya saketi yenyewe, kidogo ni kawaida. Mlio mwembamba wa juu kama filimbi isiyozima, ambao haubadiliki ukigeuka, mara nyingi unatoka kwenye adapta mbovu au kwenye ile saketi ndogo ya ndani inayozidisha voti, jaribu betri, ukiondoka basi adapta ndo mwenye kosa.

Alafu weka geini juu na levo juu kwa pamoja uone kama pedali inapiga yowe yenyewe bila kuguswa, gitaa likiwa limefungwa volumu. Fidibeki ya gitaa mbele ya spika ni jambo lingine, hiyo ni muziki, ila pedali inayolia yenyewe mara nyingi ina shida ya mpangilio wa ndani, waya za kuingilia na za kutokea zimepita karibu mno.

Pia sikiliza pedali ikiwa imezimwa. Hili watu hawalipimi kabisa na ndo hali ambayo pedali inakaa muda mrefu zaidi. Linganisha gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye ampu na gitaa lililopita kwenye pedali iliyozimwa. Pedali ya tru baipasi inapitisha mawimbi kama waya tu, yenye bafa inayashika na kuyapa nguvu ya kusafiri. Kuna ubishi mrefu sana kuhusu hizi mbili, na msimamo wangu ni kwamba zote zinafaa zikitengenezwa vizuri. Kebo ya gitaa ina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji, ndo unaokula trebo) kama pikofaradi 100 kwa mita, kwahiyo ukiwa na mita kumi na kitu na pedali nyingi zote za tru baipasi trebo inakufa njiani, bafa moja nzuri inakuokoa. Mbaya ni bafa mbovu inayonyonya sauti, au baipasi ya zamani ambayo haikati njia ya kuingilia kikamilifu, gitaa linaendelea kuivuta saketi ya pedali hata ikiwa imezimwa na trebo inapungua.

Ipeleke kwenye kelele za wenzako

Kama unaruhusiwa kuazima au kurudisha, usiamue kabla hujaipiga na bendi, na kama huwezi, basi cheza wimbo wenye besi na ngoma kwenye spika nyingine kwa sauti ya kweli na upige juu yake. Ule mchimbo wa midi uliokuvutia chumbani unaondoka wote, besi ya gitaa inafunikwa na gitaa la besi, trebo inafunikwa na matoazi, na kilichobaki chako ni midi. Pedali iliyokuwa inasikika ya puani na mbaya nyumbani mara nyingi ndo inayosikika vizuri hapa. Piga rizimu, alafu piga solo, na muulize mtu aliyesimama mbali kidogo kama anasikia noti au anasikia mngurumo tu.

Sasa boksi

Lishike. Maboksi mengi mazuri ni ya aluminiamu ya kumiminwa, mengine ni ya chuma kilichokunjwa, yote ni sawa, hata plastiki ngumu inaweza kudumu ikiwa swichi haikanyagwi moja kwa moja juu ya bodi. Uzito peke yake usikudanganye. Bonyeza kifuniko cha nyuma kwa kidole gumba, kikibonyea na kurudi kitagusa saketi siku moja.

Jeki ndo kitu cha kwanza kabisa. Chomeka kebo, usikie klik ya kukaza, alafu piga noti ndefu huku unaitikisa plagi taratibu juu chini na kulia kushoto. Sauti isikatike, isikwaruze. Kama nati ya jeki inazunguka kwa vidole imelegea, ila hiyo inakazwa na haina maana pedali ni mbovu. Kinachoogopesha ni jeki ya plastiki iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi na isiyoshikwa na nati yoyote kwenye boksi, kila ukikanyaga kebo kwa bahati mbaya nguvu yote inakwenda kwenye lehemu. Tundu la umeme nalo litikise hivyohivyo huku unaangalia taa, ikipepesa hapana.

Nobu zishike uzisukume pembeni. Nobu ambayo mhimili wake unacheza haujashikwa kwenye boksi, unabebwa na bodi. Nobu iliyofungwa kwa nati kwenye boksi inasimama. Ukizungusha na ukasikia kwaruu kwaruu inaweza kuwa vumbi tu, dawa ya kusafishia kontakti inatosha, lakini kama inakwaruza kwenye pedali mpya kabisa, mara nyingi kuna voti ya DC inavuja kupitia kapasita, kipuri kilichotakiwa kuizuia, na hiyo ni kasoro ya saketi.

Swichi ya mguu ikanyage kwa mguu. Sio kwa kidole. Ikanyage haraka, ikanyage polepole, ikanyage upande mmoja wa kitufe. Iwake na izime kila mara bila kusitasita. Mlio wa pop mara ya kwanza tu baada ya kuichomeka ni wa kawaida, kapasita zinajimwaga, lakini pop kubwa kila unapokanyaga itasikika kwa watu wote. Pia cheki nafasi kati ya swichi na nobu, kiatu kipana kinazungusha nobu za mbele bila we kujua.

Kama unaruhusiwa kufungua, toa skrubu nne za nyuma. Usitishwe na vipande vidogovidogo vilivyobandikwa juu ya bodi na mashine, vinafanya kazi vizuri tu na sio dalili ya ubovu, shida yake ni kwamba ni vigumu kutengeneza kwa mkono. Angalia lehemu za vile vitu vinavyosogea, za jeki, swichi na potenshiometa. Leta mwanga kwa pembeni, uinamishe bodi kidogo, utafute mduara mwembamba mweusi unaozunguka mguu wa jeki katikati ya lehemu. Huo ni ufa. Leo sauti inapita, kesho inakatika, kesho kutwa inarudi, na ukiugusa kwa chuma cha kulehemia chenye joto na lehemu kidogo unapona kabisa. Lehemu isiyo na risasi kwa kawaida ina rangi ya kufifia, kwahiyo kufifia peke yake sio ubovu, angalia umbo, inatakiwa ipande kwenye mguu kama mteremko laini, sio kukaa kama tone. Waya ziwe na urefu wa kutosha, zisivutwe, na kifuniko kikirudi kisizibane. Kama saketi yote imemwagiwa gundi nyeusi kuficha vipuri, jua kwamba ikifa haitengenezeki kirahisi, mi hilo nalihesabu kama kasoro hata sauti iwe nzuri.

Kwa pedali iliyotumika ongeza vitu viwili vitatu. Fungua sehemu ya betri kwanza, unga mweupe au wa kijani pale ni betri iliyovuja, na ukishafika kwenye bodi unakula njia za shaba. Nusa ndani, harufu ya kuungua haifichiki. Vichwa vya skrubu vilivyolika vinakuambia imefunguliwa mara nyingi, uliza nini kilibadilishwa. Kama ni Boss ya zamani imeandikwa ACA, ilitengenezwa kwa adapta ya aina ya zamani yenye voti nyingi zaidi, ukiipa voti 9 za siku hizi peke yake taa itakuwa hafifu na sauti itachoka, hiyo sio pedali mbovu, ipe betri uisikie ilivyo.

Na ukimaliza kujaribu kwa betri chomoa kebo ya upande wa gitaa, kwenye pedali nyingi jeki hiyo ndo inayofunga njia ya betri, ikibaki imechomekwa usiku kucha kesho utakuta betri imekwisha na utaanza kuisikiliza pedali yenye voti sita.